Tupeane uzoefu: usafi wa jimu ya biashara hapa Kigoma, vipimo na hatua

Katubuka (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye jimu, wasimamizi na wafanya usafi wa Kigoma Mjini, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji. Naomba tuweke vipimo. Mtu akisema "weka dawa", aseme kiasi gani, kwenye maji kiasi gani, ikae muda gani, na ikiharibu kitu inaharibu nini.

Naanza na lililo kubwa. Uchafu wa jimu ni jasho, na ndani ya jasho linalobaki kwenye benchi kuna chumvi, mafuta ya mwili na ngozi iliyokufa. Yale mafuta huvikinga vijidudu. Ukipulizia dawa juu yake bila kuosha, dawa inamalizia nguvu kwenye uchafu, hasa klorini. Kwa hiyo kila sehemu inayoguswa na ngozi ipite sabuni kwanza, ifutwe, ndipo iwekwe dawa. Halafu dawa iachwe ibaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 1 hadi 10 kutegemea aina. Kupulizia na kufuta hapo hapo ni kupaka harufu tu.

Tunachozuia ni majipu yanayoletwa na bakteria wa stafilokoka, choa, na fangasi wa vidole vya miguu na wa mapajani. Hawa hupita kwenye taulo, mikeka, sakafu ya bafu na ngozi yenye mchubuko, na wanaweza kuishi siku kadhaa kwenye kitu kikavu tu, sembuse chenye unyevu.

Karibuni.

NesiMstaafu

Mwanangu umeanza vizuri. Nitaweka hesabu ya klorini, maana hapo ndipo watu wanakisia.

Soma kwanza asilimia kwenye chupa. Jik na dawa nyingine nyingi za maji za klorini ni karibu 3.5%. Kwa nguvu hiyo:

Sakafu ya bafu na choo, 0.1%: vijiko viwili vya chakula (ml 30) kwa lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inataka ml 300. Osha kwa sabuni, suuza, mwaga dawa hiyo, subiri dakika 10, suuza tena.

Damu, 0.5%: sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Mtu akichanika kiganja kwenye chuma au akitokwa damu puani, vaa glovu, funika damu kwa karatasi ya chooni au kitambaa cha kutupa, mwagia dawa, acha dakika 10, kusanya yote kwenye mfuko, osha kwa sabuni, rudia dawa. Ikiwa ni juu ya benchi au chuma, malizia kwa maji safi mengi, maana klorini ya kiwango hiki inakula vyote viwili.

Kama chupa yako ina asilimia nyingine, gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa moja, unapata sehemu za maji. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1, ni 6. Basi.

Wenye klorini ya unga ya 65%: gramu 1.5 kwa lita inatoa 0.1%. Pima kwa mizani ndogo. Mkono hauwezi kukadiria gramu moja.

Changanya ya siku hiyo tu. Jua na joto vinaiua klorini, kwa hiyo chupa isikae dirishani. Na ile inayouzwa mtaani kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo, msiitumie: hujui nguvu yake, na mtoto au mteja anaweza kuinywa.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito wote: klorini isikutane na dawa ya choo yenye asidi, ile inayotoa madoa ya njano. Hutoka gesi inayochoma mapafu, na vyoo vya jimu ni vyumba vidogo. Ukitumia moja, suuza kabisa kwa maji mengi kabla ya kuwaza nyingine. Hata mkojo uliolala chooni unatoa gesi mbaya ukikutana na klorini, kwa hiyo mwaga maji kwanza.

JimuMwanga

Shikamoo mama. Swali: je, hiyo 0.1% naweza kuitumia kwenye benchi na dambeli?

FundiMashine

Usifanye hivyo mkuu. Mama ametaja sakafu ya bafu na choo. Benchi zimevikwa reksini (ngozi bandia), na klorini huondoa ulaini wake, inakuwa ngumu kisha inapasuka kwenye kona. Spiriti ya 70% nayo hufanya hivyo ukiitumia kila siku. Reksini ikishapasuka jasho linaingia kwenye sponji, na hakuna dawa inayofika huko. Kubandika selotepu juu ya ufa hakusaidii, kingo zake hukusanya uchafu. Mpelekee fundi wa sofa avike upya, tena mwambie atumie reksini nzito, na mishono iwe upande wa chini.

Utaratibu wa benchi: kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, kitambaa kilichokamuliwa, futa. Kitambaa cha pili chenye maji matupu, futa. Halafu dawa isiyo na klorini. Soma lebo, nyingi zina benzalkoniumu, kemikali ya kuua vijidudu. Iache muda wake ikauke yenyewe. Mara moja kwa siku, jioni, ipitie kwa maji matupu, maana mabaki yake yakilimbikizana reksini inanata na kushika vumbi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: benzalkoniumu hung'ang'ania nyuzi za pamba. Ukichovya kitambaa cha pamba kwenye ndoo ya dawa, pamba inaishika dawa na benchi linabaki na maji tu. Tumia kitambaa cha maikrofaiba, au pulizia dawa moja kwa moja juu ya reksini.

Dambeli zenye raba ni utaratibu ule ule. Zile za zege za kumwaga wenyewe ni shida, zina vitundu vinavyonywa jasho. Zipakwe rangi ya mafuta mikono miwili, zikwanguliwe na kupakwa tena ikibanduka.

MamaUsafi_Gungu

Ongezeni rangi za vitambaa. Nyekundu choo na bafu, bluu benchi na mashine, kijani vioo na mezani. Kisivuke mpaka. Kitambaa kikunjwe mara mbili kiwe na robo nne kila upande, jumla nyuso nane. Kila benchi uso wake mpya. Nyuso nane zikiisha kinaenda kwenye ndoo ya kufuliwa, hakichovywi tena. Kitambaa kimoja kwa jimu nzima kinasambaza choa la mtu mmoja kwenye benchi zote.

Kufua: sabuni ya unga, maji ya moto kama yapo, kamba ya juani. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na kitambaa hakinywi tena. Vya nyekundu vifuliwe kwenye beseni lao.

JimuMwanga

Asanteni. Na sakafu ya raba? Ikishapigwa deki inabaki na harufu, na asubuhi inateleza.

Katubuka

Hapo mkuu tatizo ni wingi wa maji na saa ya kudeki.

Kwanza vumbi. Juni hadi Septemba vumbi jekundu linaingia na viatu, na likikutana na maji linakuwa tope jembamba linalojaza vinyweleo vya raba. Weka zulia gumu nje ya mlango na jingine laini ndani, yote mawili ya urefu wa hatua mbili au tatu za mtu mzima, yakung'utwe kila siku mbali na mlango. Halafu weka sharti la viatu vya ndani. Sharti hili linapunguza kazi kuliko dawa yoyote.

Fagia kwanza, au fyonza kwa mashine. Kisha ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni isiyo kali, kijiko cha chakula kimoja kwa lita 10, ya pili maji matupu ya kusuuzia dekio. Dekio likamuliwe hadi lisidondoshe. Anza kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Maji ya kusuuzia yakiwa na rangi, badilisha. Rudia kwa maji matupu. Ule ukungu mweupe unaobaki juu ya raba ni sabuni, na ndio unaoteleza.

Usitumie mafuta ya taa, petroli wala dawa ya kung'arisha. Raba inavimba, inalegea, na vipande vinaachana. Klorini nayo inaipausha na kuikausha.

Harufu inatoka chini. Maji yakipita kwenye maungio yanakaa kati ya raba na saruji wala hayana pa kutokea. Nyanyua vipande sehemu moja moja, eneo la dambeli na la kukimbilia kwanza maana ndiko jasho linakodondoka. Sugua saruji, iache ikauke kabisa, siku nzima ikibidi, ndipo urudishe.

MlinziWaZamu

Jimu nyingi zinadeki usiku baada ya kufunga saa 3, ndiyo saa isiyo na wateja. Kuna ubaya?

Katubuka

Kuna ubaya, hasa mvua zikianza Novemba. Unadeki, unafunga madirisha kwa ajili ya usalama, unazima feni kuokoa umeme wa LUKU. Hewa ya usiku karibu na ziwa tayari ina unyevu. Sakafu inakaa mbichi hadi saa 11 alfajiri na wateja wa kwanza wanaikanyaga hivyo hivyo. Kazi ya maji mengi ifanywe saa 4 asubuhi, wateja wa alfajiri wameondoka, jua limepanda, madirisha ya pande mbili yako wazi. Usiku fanya kazi kavu: fagia, futa benchi na vishikio, toa taka, tundika taulo chafu zisilale kwenye rundo.

Kibirizi_Fit

Naomba kupinga kidogo. Jimu zenye wateja wa mchana, akina mama wa mazoezi ya vikundi, saa 4 ndiyo saa yao. Wao wafanye saa 8 mchana. La msingi ni saa mbili za hewa kabla ya mtu kuingia, popote zitakapopatikana.

Katubuka

Nimekubali, dada. Saa mbili za hewa ndicho kipimo sahihi.

FundiMashine

Sasa mashine za kukimbilia, maana hizi usafi mbaya unaziua kabisa.

Kila siku: zima, chomoa kwenye soketi, lowesha kitambaa ndipo ufute. Usipulizie chochote kwenye skrini, maji huingia chini ya vitufe na bodi inaharibika. Vishikio vyenye vyuma vya kupima mapigo ya moyo vifutwe sabuni na dawa kama benchi.

Kila wiki: pitisha kitambaa kikavu kati ya mkanda na ubao wake, pande zote mbili, na futa reli za kukanyagia.

Kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa vumbi: chomoa waya, subiri kama dakika 10 umeme uliobaki kwenye bodi uishe, fungua skrubu za kifuniko cha mota. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi huku mashine ya kufyonza ikiwa karibu. Kompresa ya gereji inasukuma vumbi ndani zaidi na inaweza kutoa maji, iepuke. Vumbi likifunika mota, joto halitoki. Na vumbi chini ya mkanda linaongeza msuguano, mota inavuta umeme mwingi, bodi inazima au inaungua. Wengi wanasema "umeme wa Kigoma umeua mashine" kumbe chini ya kifuniko kuna blanketi la vumbi.

Ukigusa ubao ukaukuta mkavu kabisa, weka mafuta ya silikoni kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha mtu atembee mwendo wa polepole dakika chache yaenee. Mafuta ya kulegeza kutu au ya injini yanaharibu mkanda. Tena baadhi ya mbao zina nta yake na hazitaki mafuta kabisa, kitabu kitasema.

Baa za chuma: mikato ya kushikia inajaa chaki (unga wa kukausha viganja) na jasho, na chaki inashika unyevu, kutu inaanzia hapo. Brashi ya nailoni kavu kila wiki, kitambaa kikavu, tone chache za mafuta ya cherehani, ufute hadi mkono usiteleze. Klorini isiguse chuma, isipokuwa penye damu kama mama alivyoeleza.

MamaUsafi_Gungu

Vioo: pulizia kitambaa. Ukipulizia kioo maji yanateremka hadi ukingo wa chini na kuingia nyuma, ndiyo ule weusi unaotambaa kutoka chini.

Glovu za ndondi za kuazimana: futa ndani kwa kitambaa cha dawa, zifunguliwe mdomo na kutundikwa penye hewa na kivuli. Kila mteja avae soksi zake za mikono ndani. Kikombe kimoja cha maji ya kunywa kiondoke, kila mtu aje na chupa yake.

JimuMwanga

La mwisho jamani. Bafu linanuka kama shimo la choo hata likioshwa leo.

FundiMashine

Angalia tundu la maji sakafuni. Chini yake bomba limepinda, na pale kwenye pindo yanatakiwa kubaki maji yanayozuia hewa ya shimo isipande. Bafu lisipotumika siku kadhaa, au maji ya bomba yakikatika, yale yanakauka. Mwaga lita moja ya maji kila tundu, hasa la bafu la wanawake kama halitumiki sana. Harufu ikikata ndani ya muda mfupi, umepata jibu. Isipokata, toa kichujio, vuta nywele na sabuni iliyoganda, sugua kwa brashi ya mkono mrefu, mwaga maji ya moto. Bado ikiendelea, basi fundi aliyejenga hakuweka pindo, na sakafu itabidi ifunguliwe.