Siku 7, baiskeli mbili za mtumba: Lushoto au Mbeya? Naomba ushauri

Pedeli_Chakavu (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Mimi na shemeji yangu tumepata likizo ya siku saba mwishoni mwa Juni, tunataka kuzunguka milimani kwa baiskeli. Huku kwetu tumezoea barabara ya Mzumbe na vilima vidogovidogo, ila mlima wa kupanda nusu siku hatujauonja. Baiskeli ni za mtumba wa Japani, gia 21, breki zile za mpira unaobana ringi. Mizigo kwenye keria, kulala gesti.

Mawazo ni mawili. La kwanza, kutoka hapa hadi Mbeya kwa kupiga pedeli, tupite Mikumi, Kitonga na Iringa. Kitonga nimeiona nikiwa kwenye basi, zile kona na korongo chini yake sijazisahau mpaka leo. La pili ni Lushoto, lakini shemeji anasema Lushoto ni ya watoto. Nisaidieni, hasa mliopita huko kwa baiskeli, si kwa V8.

Tairi_Upara
Kitonga futa, mkuu. Uzuri wake ni wa mtu aliyekaa dirishani. Ukiwa kwenye baiskeli, lori la mafuta linapanda mbele yako kwa gia namba moja na moshi wote unauvuta wewe, jingine linashuka, halafu basi linalazimisha kupita katikati. Pa kusogea hapana. Na kabla hujafika huko una Mikumi: barabara inakatiza ndani ya hifadhi kilomita 50 hivi, tembo na nyati wanavuka, simba wapo. Hapo hata ukiwa na mapaja ya chuma, baiskeli inapanda basi. Kama moyo umeshaenda Mbeya, wekeni baiskeli kwenye buti, mkaanzie hukohuko.

Mwali_wa_Uyole (Mbeya)
Naunga mkono. Huku kitu chenyewe ni barabara ya Chunya. Mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na mlima unaanza hapohapo, hata miguu haijapata moto. Baada ya kilomita 20 hivi umeshavuka mita 2,400, yote lami. Juu kuna mahali pa kusimama, unaliona Bonde la Ufa limelala chini yako. Bebeni sweta na glavu. Si za kupandia, ni za kushukia, maana mtashuka na jasho mwilini, na baridi ya Juni huku inapasua midomo.

Upande wa pili kuna Tukuyu, chai na migomba kila unapogeuka, na ukungu. Kutoka hapo hadi Kyela mnashuka karibu mita elfu moja, kisha Matema mnaoga Ziwa Nyasa. Shida ni kwamba njia hiyo ndiyo ya malori ya Malawi, na wapo madereva wanaoshuka wameweka frii ili kubana mafuta. Lori la kuogopa ni lile lisilonguruma. Ukisikia tairi tu nyuma yako, ingia majanini, kuuliza utauliza baadaye.

Kiti_Kigumu
Nafuatilia uzi.

Pedeli_Chakavu
Duh. Na kwa Lushoto, gia 21 zinatosha?

Msambaa_wa_Soni
Zinatosha, ilimradi ile gia ndogo ya mbele bado inashika cheni. Wengi hawajawahi kuitumia tangu wanunue baiskeli, wanakuja kugundua imekufa wakiwa katikati ya mlima. Ijaribuni hukohuko Morogoro.

Shemeji anayesema Lushoto ni ya watoto hajaanzia Mombo. Mombo iko mita 400 na kitu, Lushoto mjini 1,400, kati yake kilomita 33 hivi. Ukigawanya unaona mlima mpole. Sasa sehemu kubwa ya huo mlima unaimaliza kabla ya Soni, kwenye kilomita kama 15 za mwanzo. Ukishayaona maporomoko ya Soni, iliyobaki ni ya kupiga soga. Laleni Mombo, mtoke saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne pale chini ni tanuri, na Coaster zimeshaanza kufukuzana kwenye kona.

Raha yenyewe iko juu zaidi: msitu wa Magamba, Lukozi kwenye mashamba ya kabichi na viazi, hadi Mtae. Kuna vipande vya vumbi na mawe, msikimbilie. Mtae imekaa ukingoni kabisa, ardhi inakatika na chini unaona mbuga ya Mkomazi.

La kuwasisitiza ni breki. Mwaka juzi nilishuka hadi Mombo na mzigo, nimebana breki ya nyuma mfululizo kwa kuogopa kona. Nikasikia harufu ya mpira, nikajua ni Fuso la mbele. Kidogo tu, paa! Tyubu imepasuka. Kuishika ringi, nikaungua vidole. Bana, achia, bana, achia, ya mbele na ya nyuma zote. Kila baada ya kilomita chache simameni, iguse ringi kwa kidole chenye mate kama mama anavyoijaribu pasi ya mkaa. Ikilia chii, kaeni chini mnywe maji.

Kipkerio (Eldoret)
Siku mkivuka mpaka, jaribuni Iten hadi Kabarnet. Iten ni mita 2,400. Mnateremka kupitia Tambach mpaka daraja la Kerio pale Chebloch, joto linawapiga usoni kama mmefunua sufuria, halafu mnapanda upya hadi Kabarnet. Ni lami. Wakimbiaji wa Iten wakiwapita mlimani msione haya, ni kawaida yao.

Pedeli_Chakavu
Shukrani sana wakuu. Tumekata shauri: basi hadi Mombo, tulale, Lushoto siku mbili, Mtae, turudi taratibu. Chunya mwakani Mungu akipenda. Dada wa Uyole, lile lori lisilonguruma limeniharibia usingizi.

Shemeji nimemsomea habari ya pasi. Jioni hii nimemkuta uani kaipindua baiskeli miguu juu, anapima mipira ya breki kwa rula ya mtoto.