Mjadala: Je, meli zikatae kubeba magari ya umeme?

Wakuu, habari za jioni. Tangu meli ya magari Morning Midas ishike moto na hatimaye kuzama tarehe 23 Juni 2025 kusini mwa Alaska, ikiwa na magari zaidi ya 3,000 yakiwemo ya umeme, kuna hoja inarudi kila siku: magari ya umeme yasipakiwe melini. Mwezi uliofuata Matson, kampuni ya meli ya Marekani, iliacha kuyapokea. Hata huku kwetu nawasikia waagizaji wa magari ya Japani wakisema heri yapigwe marufuku kuliko gari la mtu kuungua kwa ajili ya betri ya mwenzake.

Mimi napinga, ingawa hofu yenyewe naielewa. Betri ya lithiamu ikishika moto ni shida kuizima. Gesi ya kaboni dioksidi inayomwagwa dekini (kwenye sakafu za meli) kuzima moto haiipozi, na inaweza kuwaka tena wakati watu wameshapumua. Meli nayo ni kama jengo la maegesho lisilo na kuta ndani, magari yamebanana hata baharia mwenye mpira wa maji hana pa kupita.

Lakini tuangalie yaliyotokea. Julai 2023 meli nyingine ya magari, Fremantle Highway, iliungua karibu na Uholanzi na baharia mmoja akafa. Papo hapo lawama zikaangukia magari 498 ya umeme yaliyokuwamo. Waokoaji walipofika deki za chini walikuta magari kama 1,000 hayajaguswa na moto, na mamia kati yake ni hayo hayo ya umeme.

Sasa njooni kwa meli ya Höegh Xiamen, iliyoungua Juni 2020, bandari ya Jacksonville, Florida. Ilipakia magari 2,420 yaliyotumika, kama haya tunayoagiza sisi. Wachunguzi wa Marekani walisema moto ulitokana na hitilafu ya umeme kwenye gari ambalo betri yake haikuchomolewa ipasavyo. Ni betri ya kawaida ya kuwashia injini! Waya za betri hazikuvuliwa na kufungwa vizuri zisigusane, zimamoto 9 wakajeruhiwa. Hili ndilo linaloniuma, maana ni kazi ya spana na dakika chache.

Halafu kuna bima, ambayo wengi wetu tunairuka. Ukinunua kwa C&F (bei ya gari na usafiri tu), bima ni juu yako. Ukinunua kwa CIF (bei ya gari, bima na usafiri) muuzaji anakukatia, ila kanuni za biashara ya kimataifa za Incoterms 2020 zinamtaka akate ya kiwango cha chini tu: moto na kuzama vimo, wizi wa redio au vioo haumo. Na wangapi wanajua sheria ile kongwe ya bahari, kwamba ikitumika gharama kuokoa meli, wenye mizigo wote huchangia? Gari lako laweza kufika Dar bila mkwaruzo ukaambiwa uweke dhamana kwanza ndipo ulichukue. Asiye na bima anaitoa mfukoni.

Kwa hiyo ninachodai ni ukaguzi wa kila betri kabla gari halijapanda, la petroli na la umeme sawa, na gari bovu au lililogongwa libaki nchi kavu. Mnaotaka marufuku, nijibuni hili moja: marufuku hiyo ingeiokoaje Höegh Xiamen?