Mchuzi wa Bacillus unatawanya mafuta vizuri, ila Fusarium na Pythium wala hawashtuki

mche_mbichi:
Wakuu, naomba msaada. Natafuta dawa ya magonjwa ya miche, kwa hiyo nakuza bakteria Bacillus subtilis kwenye mchuzi (maji ya virutubisho) wa glukosi gramu 20 na asidi ya glutamiki gramu 5 kwa lita, pamoja na chumvi zake. Nyuzijoto 37, saa 24, mizunguko 180 kwa dakika. Povu linapanda hadi kwenye kizibo cha pamba. Tone la mikrolita 10 likidondoshwa juu ya utando wa mafuta linafungua duara la sentimita 6. Lakini nikitia mikrolita 100 kwenye kishimo cha agari ya viazi (jeli ya kukuzia kuvu), kuvu Fusarium oxysporum inatambaa hadi ukingoni. Miche ya nyanya niliyoimwagilia nayo bado inaanguka kwa kinyausi cha Pythium, kimelea cha udongoni. Nakosea wapi?

kuvu_na_kunde:
Unapima kitu kimoja na kutarajia kingine. Povu na duara la mafuta vinakuonyesha safaktini, kitu kama sabuni kinachotengenezwa na bakteria hao, na safaktini peke yake ni dhaifu kwa kuvu. Inashusha mvutano wa uso wa maji kutoka 72 hadi karibu 27 milinewton kwa mita, na kwa hilo miligramu 20 hivi kwa lita zinatosha. Wauaji ni ndugu zake wawili: iturini, inayoshikamana na steroli (mafuta yanayoimarisha utando) za utando wa seli na kuutoboa, na fengisini, ambayo ni kali kwa kuvu wa nyuzi.

Saa 24 kwa nyuzi 37 ni kuvuna mapema. Iturini huja bakteria wakishapunguza kasi ya kuongezeka, na hupenda ubaridi kidogo. Shusha hadi 28 au 30, acha saa 72. Flaski ya mililita 500 itie mililita 100 tu. Kizibo kikilowa povu hewa haipiti, na vijidudu vya nje hupata njia.

Halafu hakiki jeni za iturini kwa PCR, kipimo cha kunakili DNA. Subtilis wengi hawana kabisa, na hapo hata ukikuza wiki nzima hupati kitu. Bacillus velezensis FZB42 hutengeneza safaktini, fengisini na basilomaisini D, ambayo ni ya ukoo wa iturini.

tone_la_mwisho:
Hicho kishimo nacho sikiamini. Molekuli hizi, yaani lipopeptidi, zina mkia wa mafuta, hupenya agari kwa uvivu. Changanya mchuzi uliochujwa ndani ya agari ikiwa imepoa hadi nyuzi 50 hivi, sehemu 1 kwa 9, weka kipande cha Fusarium katikati, pima kipenyo kila siku. Sahani ya kulinganishia itie mchuzi ambao haukupandwa bakteria.

Kukoleza: zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya uvutano wa dunia) dakika 20, tupa seli, dondoshea maji ya juu asidi hidrokloriki ya molari 6 hadi pH 2, laza usiku kwenye nyuzi 4. Asubuhi utakuta mashapo meupe yametua. Zungusha tena, yeyusha mashapo kwa methanoli. Hapa ndipo watu hujidanganya: wasiporudisha pH hadi 7, au wasipoweka methanoli tupu pembeni, wanashangilia duara lililofanywa na asidi au kiyeyushi.

Tena chemsha kiasi cha mchuzi dakika 15. Lipopeptidi hustahimili. Nguvu ikipotea, ulichokuwa nacho huenda ni vimeng'enya.

mizizi_mirefu:
Pythium ni kesi nyingine, si kuvu halisi. Haitengenezi steroli zake yenyewe, kwa hiyo iturini inakosa mahali pazuri pa kushika. Udhaifu wake uko kwenye zoospora, mbegu zake ndogo sana: zinaogelea bila ukuta wa seli, na ramnolipidi, sabuni nyingine ya bakteria, huzipasua kwa chini ya dakika moja. Zikishajifunga kwenye mzizi na kujijengea ukuta, umechelewa. Dawa lazima iwemo kwenye maji ya kumwagilia tangu mwanzo.

Ramnolipidi nunua iliyosafishwa. Bakteria anayeitengeneza kwa wingi, Pseudomonas aeruginosa, huambukiza binadamu. Usimpike nyumbani.

Kwenye udongo mchuzi hunaswa na mfinyanzi na kuliwa na vijidudu wengine. Ndiyo maana kwa miche napendelea spora hai za Bacillus, milioni 100 kwa mililita, ziloweshwe kwenye mizizi kabla ya kupandikiza, zijitengenezee dawa papo hapo.

mche_mbichi:
Asanteni sana. Naweza kuchanganya na mrututu (dawa ya shaba) kwenye bomba moja?

mizizi_mirefu:
Spora hai usichanganye. Zikianza kuota shaba inaziua, achanisha kwa siku kadhaa. Mchuzi uliochujwa nao una masharti: chini ya pH 5 safaktini huanza kuganda na kuziba pua ya bomba, na maji magumu yenye kalsiamu nyingi huishika. Jaribu majani machache kwanza, jioni, usubiri saa 48. Dozi kubwa huyeyusha nta ya jani na kuacha madoa kama ya kuungua.

tone_la_mwisho:
Na usipulizie mchuzi mzima bila kuuchuja. Glukosi iliyobaki ni karamu ya ukungu mwingine juu ya jani.