Django: orodha ya mizigo ya asali inachelewa kufunguka

mzinga_tbr: Wakuu, mfumo wa kupokea asali hapa Tabora, ulioandikwa kwa Django (zana ya Python ya kujenga tovuti), una modeli (majedwali ya data) mbili, Mfugaji na Mzigo, Mzigo una ForeignKey ya mfugaji (kiungo cha kumwelekea mwenye mzigo). Orodha ya mizigo 200 inafunguka kwa kujivuta, na jumla ya kilo inatoka 412.29999999999995. Kosa la hifadhidata?

fundi_data: Hapana. Kila mstari unaoita `mzigo.mfugaji.jina` unatuma swali lake kwenye hifadhidata: 1 la orodha, 200 za wafugaji. Andika `Mzigo.objects.select_related("mfugaji")`, yote yaje kwa JOIN moja (swali linalounganisha majedwali mawili).

ujiji_dev: Ukianzia kwa mfugaji kwenda kwenye mizigo yake, hiyo haifai. Tumia `prefetch_related("mzigo_set")`, maswali mawili tu. Ila ukiita `.filter()` ndani ya kitanzi, Django inarudi hifadhidata upya na kazi yote inakuwa bure (wengi hunasa hapa). Chuja mapema kwa `Prefetch`.

Kilo umeweka FloatField, sivyo? Hiyo hutunza desimali kwa makadirio, ndiyo maana jumla inatoka hivyo. Badili iwe `DecimalField(max_digits=8, decimal_places=2)`, inayotunza desimali kamili. Chukua nakala ya data kwanza, ndipo `makemigrations` na `migrate` (amri za kubadili majedwali ya hifadhidata).

mzinga_tbr: Ni FloatField kweli. Na kwenye admin (kurasa za usimamizi za Django), orodha niiharakishe vipi?

fundi_data: `list_select_related = ["mfugaji"]` ndani ya ModelAdmin (darasa linalopanga kurasa hizo) ya Mzigo.