Mkate wa nyama unasambaratika kila nikikata, nakosea wapi?

MamaPacha_Tabata
Habari za jioni wapendwa, nina swali la jikoni naombeni msinicheke. Dada yangu anayeishi Ohio alikuja likizo akatupikia ile nyama ya Wamarekani wanaita mitilofu, yaani nyama ya kusaga inaokwa kwenye bati la mkate halafu unakata slesi, juu imepakwa tomato sosi inakauka inakuwa kama utandu mtamu hivi, watoto mpaka leo wanaulizia. Nimejaribu mara mbili. Jumapili nikanunua kilo moja buchani, nikaiosha vizuri nikachuja, nikatia kitunguu, swaumu, karoti, hoho, mayai mawili, chumvi na pilipili manga, nikaoka saa nzima. Kutoa, bati limejaa maji, nyama imejikunyata katikati, kukata tu ikamwagika yote, tukaishia kuila na wali. Mume wangu kasema tamu ila jina tutafute lingine 😂 Dada nikimuuliza vipimo ananiambia we kadiria tu.

Kaka_Bachela
Sasa si ungekula tu na wali mambo yakaisha

BintiTanga
Shoga hiyo mbona ni kababu tu iliyonenepa. Sisi kababu tunatia boflo tangu enzi za bibi zetu, unalowanisha unakamua unachanganya na nyama, ndo inashika. Wewe sijaona mkate wowote hapo! Yai peke yake haliwezi kazi hiyo. Halafu subiri kwanza, UMEOSHA nyama ikiwa imeshasagwa?? Hayo maji ya kwenye bati uliyatia mwenyewe mpenzi.

MamaPacha_Tabata
Jamani nyama ya bucha niache kuiosha 🙈

BintiTanga
Nunua steki nzima, oshea nyumbani, ifute ikauke ndo usage, kama huna mashine rudi nayo kwa muuza bucha akusagie, wengine wananuna ila wanasaga.

Mzaramo_Ughaibuni
Nimepika jiko la nyumba ya wazee huku Marekani miaka sita na mitilofu ilikuwa kila Jumatano kwa hiyo hapa naongea kwa kujiamini. Dada wa Tanga kamaliza kazi kubwa, mi naongezea vipimo. Kilo moja ya nyama, slesi nne za mkate mweupe uzichambue ziloweke kwenye nusu kikombe cha maziwa mpaka ziwe uji mzito, mayai mawili, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Kitunguu kaanga kwanza kidogo kipoe, kibichi kinatoa maji. Hoho na karoti punguza, ukijaza vipande vipande ndo kisu kikipita panapasuka. Changanya kwa vidole juu juu tu, usikande kama chapati, itakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Na usichague nyama isiyo na mafuta kabisa, huku tunatumia yenye mafuta asilimia 20, ile kavu inatoka kama vumbi.

Oveni nyuzi 180 za Selsiasi, saa moja hivi. Sosi usipake mwanzoni itaungua, paka zikibaki dakika 20: tomato sosi nusu kikombe, sukari vijiko viwili vikubwa, siki kimoja. Kama una kipimajoto katikati ifike nyuzi 71. Ukitoa USIKATE, iache dakika 15 kabisa, najua harufu inatesa lakini ukiikata ya moto hata yangu inabomoka.

Shemeji_Moro
Na sisi wa mkaa?

Mzaramo_Ughaibuni
Kama keki mkuu, sufuria zito, moto mwingi juu ya mfuniko chini makaa machache. Ifanye nyembamba kidogo ili katikati iive.

MamaPacha_Tabata
Mrejesho. Jumamosi nimefuata yote, muuza bucha kweli kanuna. Safari hii maji hamna, mafuta kidogo tu pembeni nikayamwaga. Nikaiweka juu ya kabati ipoe watoto wasiifikie, nikakata slesi nane zimesimama zenyewe, ya mwisho tu ndo ilivunjika pembe nikaila hapo hapo nimesimama. Mume kaweka kipande kwenye mkate asubuhi kaondoka nacho kazini hajasema neno.

Kaka_Bachela
Mi bado nashauri wali