Sandwichi za kraka za kuoka kwa wageni 40: chini zinaungua, juu zinalegea. Naombeni ushauri

Jikoni_Mbezi

Habari za jioni wakuu. Kuna kichen pati Jumamosi ijayo saa kumi jioni, wageni 40, na kwenye vitafunwa nimepangiwa zile sandwichi ndogo za kraka: biskuti mbili za chumvi za mviringo, katikati chizi na nyama, juu siagi yenye viungo, kisha oveni. Trei ya majaribio ilikuwa hivi:

Kraka 48 (vipande 24), mozarela ya kukwaruza gramu 200, salami ya ng'ombe gramu 150, siagi gramu 115 ya kuyeyusha, haradali kijiko cha chai kimoja, kitunguu saumu cha unga nusu kijiko cha chai. Siagi imemwagiwa juu kama maelekezo yalivyosema. Oveni ya gesi yenye moto wa chini tu, nyuzi 180, dakika 15, rafu ya chini.

Matokeo: chini nyeusi, juu nyeupe. Mafuta yamesimama kwenye trei. Chizi imetoka pembeni ikagandia karatasi. Baada ya nusu saa kraka ya juu unaikunja kama slesi ya mkate, haivunjiki tena.

Kosa ni vipimo, moto au mpangilio? Na kwa watu 40 ninunue kiasi gani? Nawasilisha.

Kijiko_Mbao

Mkuu, vyote vitatu, ila kubwa ni maji. Tuyafuate yanakotoka.

Siagi ya kawaida ina maji kama asilimia 16. Kwenye gramu 115 umemwaga zaidi ya kijiko kimoja cha chakula cha maji juu ya biskuti kavu. Mozarela karibu nusu yake ni maji, na ikiyeyuka inayaachia. Salami ikitoka kwenye pakiti ina unyevu na mafuta juu yake. Kraka inaingia oveni ikiwa kavu kabisa, na chochote kilicho karibu nayo inakinywa.

Halafu kiasi chenyewe. Gramu 115 kwa vipande 24 ni karibu gramu 5 kila kimoja. Kraka moja ya mviringo ina uzito wa gramu 3 na kidogo! Umeipa mafuta kuliko uzito wake. Maelekezo mengi ya mtandaoni yamebeba ile siagi ya Wamarekani ya kumwagia vibani laini vya nyama ya paja la nguruwe na chizi. Kibani ni mkate, kinafyonza. Kraka haina pa kuyaweka mafuta hayo. Isitoshe ina vitobo vilivyotobolewa kiwandani ili isivimbe ikiokwa, na siagi ukiimwaga inapita humo humo hadi kwenye nyama, mpaka chini. Ndiyo hayo uliyoyakuta kwenye trei.

Fanya hivi:

Siagi gramu 2 kwa kipande, basi. Gramu 50 kwa vipande 24. Ipoe mpaka iwe vuguvugu, maana ya moto inapenya haraka. Chovya brashi, ikamue ukingoni mwa bakuli, pitisha mara moja juu ya kraka. Uso uwake tu, vitobo visijae. Ukiona kidimbwi ndani ya kitobo, brashi imebeba sana.

Chizi tumia ile ya slesi zilizofungwa moja moja. Najua wapo wanaoidharau, lakini kwa kazi hii ndiyo yake: ina chumvi zinazoshikanisha mafuta na maji, kwa hiyo inalainika bila kuachana. Cheda iliyokomaa ina ladha nzuri zaidi, ila ikikaa motoni inatoa mafuta. Slesi moja ikate robo nne, kila robo ina upande wa sentimita 4.5 hivi. Ukiiweka juu ya kraka ya sentimita 5, pembe nne zinachungulia nje, na hizo ndizo zinazodondoka na kugandia karatasi. Zikunje kuelekea katikati kama unafunga bahasha. Katikati panakuwa panene, chizi ikiyeyuka inatambaa hadi ukingoni na kuishia hapo.

Mpangilio: kraka, robo ya chizi, salami, nusu ya robo ya chizi, kraka. Nyama isiguse kraka popote. Chizi ya chini inazuia unyevu, ya juu ni gundi. Bila ile ya juu, kraka inateleza ukishika.

Salami ipanguse pande zote mbili kwa tishu ya jikoni. Ikiwa duara lake ni kubwa, likunje mara mbili au likate kwa ukingo wa glasi.

Bintipwani

Nakubaliana na Kijiko_Mbao, ila hapo kwenye siagi weka samli. Samli maji yake yameshatoka jikoni, inabaki mafuta matupu, kraka inakuwa kavu muda mrefu zaidi. Kama hupendi harufu ya samli ya ng'ombe, chukua siagi isiyo na chumvi, iyeyushe kwa moto mdogo bila kukoroga, engua povu, mimina yale mafuta ya dhahabu na uyaache yale maziwa ya chini. Gramu 300 za siagi zinakupa kama 240.

Isiyo na chumvi nasisitiza. Kraka ina chumvi, chizi ina chumvi, salami ndiyo usiseme.

Angalizo moja: haradali ya chupa haichanganyiki na samli kwa sababu ina siki na maji, itazama chini ya bakuli. Iweke ndani, kiasi cha punje ya choroko kati ya chizi na nyama. Kwenye samli tia vikavu tu: kitunguu saumu cha unga nusu kijiko cha chai, paprika nusu kijiko cha chai, oregano kavu ukipenda, kwa kila gramu 50. Koroga kila unapochovya brashi, viungo vinatuama. Kitunguu saumu kibichi usiweke, kinaungua kabla chizi haijalainika.

Ufuta nyunyiza baada ya kupaka, kabla samli haijaganda. Ukiuchanganya kwenye bakuli, trei ya kwanza itakosa na ya mwisho itajaa.

Oveni_ya_Gesi

Nyinyi mmeshughulikia maji, tusisahau moto. Kraka imeshaokwa kiwandani na nyingi zina sukari, kwa hiyo zinabadilika rangi haraka sana. Humo ndani unayeyusha chizi na kukausha juu, huivishi kitu.

Kwa oveni yenye moto wa chini tu: washa dakika 15 hadi 20 kabla. Weka trei tupu rafu ya chini kabisa iwe ngao. Trei yenye kraka iwe rafu ya pili kutoka juu. Nyuzi 170, siyo 180. Dakika 9 hadi 11, na dakika ya 6 igeuze, upande wa mlangoni uende nyuma. Trei nyeusi inaunguza chini kuliko inayong'aa, kwa hiyo ukiwa nazo mbili ile nyeusi iwe ngao. Oveni ya umeme ya moto wa juu na chini haihitaji ngao, rafu ya kati inatosha. Ikiwa ina feni, nyuzi 160.

Usisubiri ibadilike rangi ndipo utoe. Inama uangalie pembeni: chizi ikianza kung'aa na kulegea ukingoni, toa.

Kisha zikae dakika 2 kwenye trei, chizi ishike, halafu hamishia kwenye wavu wa kupoozea. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kraka za moto zikiachwa juu ya trei au zikifunikwa kwa foili, mvuke unarudi ndani. Ule ulegevu wako wa baada ya nusu saa, sehemu yake ni hii.

Swichi ya oveni ndogo huwa inadanganya. Kama huna kipimajoto, weka kijiko cha sukari kwenye kipande cha foili kwa dakika 15. Sukari inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Ikiyeyuka wakati swichi inasema 170, oveni yako iko juu, shusha.

Muskati_Jikoni

Dokezo kwa walio Ghuba: maelekezo ya Kimarekani yanataka mbegu za popi (mbegu za mmea wa afyuni) juu. Falme za Kiarabu mbegu hizo zimepigwa marufuku, hata kilo robo ya kupikia usiibebe kwenye begi. Ufuta unafanya kazi ile ile. Na ile sosi ya Worcestershire wanayotia ina samaki ndani, mwulize mgeni asiyekula samaki.

Jikoni_Mbezi

Asanteni sana, nimeelewa kosa langu. Sasa hesabu ya 40 jamani. Na je, naweza kupanga Ijumaa usiku nikaoka Jumamosi? Pia kraka za mviringo ni ghali, zile kubwa za mraba zisizo na siagi zinafaa?

Kijiko_Mbao

Kama kuna vitafunwa vingine mezani, vipande 3 kwa mgeni vinatosha. Hiyo ni 120:

Kraka 240, karibu gramu 770. Nunua gramu 900, zilizovunjika hazikosekani. Chizi slesi 45 (kila kipande robo moja na nusu), chukua 48. Salami gramu 840, yaani gramu 7 kila kimoja. Samli gramu 240. Haradali chupa ndogo. Ufuta vijiko vya chakula 3 hadi 4. Vya unga zidisha vipimo vya Bintipwani mara tano.

Trei ya sentimita 30 kwa 40 inabeba vipande 30 kwa nafasi. Trei nne.

Ijumaa usiku hapana. Kraka ikilala na chizi kwenye friji inaamka imelegea, na oveni haitairudisha. Ijumaa kata chizi, kata salami na uipanguse, uviweke kwenye vyombo tofauti vilivyofungwa. Kupanga ni Jumamosi, saa mbili kabla ya kuoka zisizidi, bila samli. Samli inapakwa wakati trei inaingia ndani.

Sinia_Kubwa

Kuhusu zile za mraba: ni ngumu. Mtu aking'ata, ya juu inapasuka vipande viwili na chizi inatokea nyuma. Tena ni kubwa, mtu hali kwa mdomo mmoja. Lakini zinastahimili unyevu kuliko za mviringo, kwa hiyo kama lazima zikae muda mrefu mezani, zioke wazi: kraka moja, chizi, nyama juu, bila kifuniko. Hapo samli huhitaji.

Na hiyo nusu robo ya chizi ya juu mimi naona ni anasa. Haradali inashika.

Kijiko_Mbao

Haradali inashika ikiwa ya moto. Ikipoa kraka inachomoka na ufuta wake wote unabaki kwenye gauni la mgeni. Pima mwenyewe: oka viwili, kimoja hivi kimoja vile, subiri robo saa, vigeuze juu chini.

Sinia_Kubwa

Haya mkuu, gauni limenishinda.

Mtaa_wa_Pili

Naomba kuuliza kwa ile mashine ya kukaangia kwa upepo wa moto, inawezekana?

Oveni_ya_Gesi

Inawezekana, nyuzi 160, dakika 4 hadi 5. Ila feni yake inarusha kraka ya juu kabla chizi haijashika, utazikuta zimesimama ukutani. Choma kijiti cha meno mpaka chini. Na kijiti kipite kwenye kitobo, ukichoma pasipo na kitobo kraka inapasuka. Kwa watu 40 usijisumbue, inaingiza vipande 8 au 9 kwa mkupuo.

Jikoni_Mbezi

Swali la mwisho. Ukumbi uko mbali na nyumbani, mwendo wa nusu saa. Nioke nyumbani nikabebe?

Bintipwani

Shosti, uliza kwanza kama ukumbini kuna oveni. Ikiwepo, beba zikiwa zimepangwa bila samli, ndani ya boksi la keki, safu moja tu. Anza kuoka saa tisa na dakika tano. Kwa trei moja moja utamaliza kama saa kumi kasorobo.

Isipokuwepo, oka nyumbani, zipoe kabisa kwenye wavu, ndipo uzipange kwenye boksi la karatasi lililotandikwa tishu. Karatasi inapumua. Bakuli la plastiki lenye mfuniko na hotpoti ni kuzipika upya kwa mvuke.

Zitaliwa zikiwa za kawaida, siyo za moto, na hazina ubaya. Mezani zisikae zaidi ya muda wa saa mbili, na kama ukumbi ni wa joto la kupita nyuzi 32, saa moja. Peleka mezani 60 kwanza, nyingine zikae kwenye boksi mahali pa baridi zikisubiri. Zikibaki, zirudishe oveni nyuzi 150 dakika 5. Maikrowevu usiiguse.

Na umwambie anayegawa: kwenye hizi kuna ufuta, haradali, ngano na maziwa. Wapo ambao ufuta unawadhuru.

Jikoni_Mbezi

Oveni ipo ukumbini, nimeuliza sasa hivi. Ya gesi, moto wa chini.

Oveni_ya_Gesi

Basi beba na trei ya ngao, wao hawatakuwa nayo ya pili. Na kijiko cha sukari.