Naomba ushauri: dinosauri wa hadithi yangu wawe wa kweli au wa kwenye muvi?

Wakuu habari zenu, naandika hadithi ya watoto kuhusu dinosauri wa Tendaguru kule Lindi, pale Wajerumani walipochimba 1909 mpaka 1913 wakabeba mifupa kupeleka Berlin. Sasa shida ni tabia zao maana watoto wameshazoea ya muvi, eti T. rex hakuoni ukisimama tuli wakati alikuwa na macho makali na pua kali vilevile, Velociraptor anawekwa mkubwa kama mtu kumbe alikuwa saizi ya bata mzinga tena ana manyoya ya ndege. Sitaki kuwadanganya watoto kabisa. Ila mifupa haisemi kila kitu, mfano milio yao. Hapo nibuni mpaka wapi? Mnaoandika na mliosoma bailojia nisaidieni jamani.